Serahangi Aliyelala: Uongozi na Tumaini Miongoni mwa Manusura wa Chombo katika Tamthilia ya Tufani

Ikisiri

Tamthilia ya Tufani ya William Shakespeare, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na S. S. Mushi mwaka 1969, kwa kawaida huhakikiwa kama kisa cha Prospero na Caliban, yaani mtawala na mtawaliwa. Makala hii inaisoma kutoka upande wa watu waliotupwa ufukweni na dhoruba. Swali kuu ni hili: chombo kikishaharibika, nani huongoza, na tumaini la walionusurika hutoka wapi? Kwa kuongozwa na nadharia ya upokezi, makala inadai kwamba tamthilia hii inaweka uongozi wa kweli mikononi mwa wenye ujuzi wa kazi, kisha inawalaza usingizi hadi mwisho ili wenye vyeo waendelee kuzungumza. Dai hili linapimwa kwa msamiati wa Kiswahili, hususan neno tamaa, na kwa kumbukumbu za ajali za vyombo katika Ziwa Viktoria. Makala inahitimisha kwamba tumaini la manusura ni kazi kabla ya kuwa maneno, na kwamba uhakiki wetu unawiwa deni na wasio na majina.

Maneno muhimu: Tufani, manusura, uongozi, tumaini, tamaa, upokezi

1.0 Utangulizi

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo. Mamia ya watu walipoteza maisha. Tangu wakati huo ukanda wetu umeshuhudia misiba mingine ya namna hiyo: MV Spice Islander I karibu na Nungwi mwezi Septemba 2011, MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe mwezi Julai 2012, MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, na mashua ya abiria iliyotoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mwezi Oktoba 2024. Kila mara maswali huwa yaleyale. Nahodha alikuwa wapi? Abiria walikuwa wangapi? Nani alitoa amri, na kwa nini ilitiiwa au haikutiiwa?

Haya ni maswali ya sheria na ya ufundi wa vyombo. Hata hivyo, ni maswali ya fasihi pia, kwa kuwa jamii huyajibu kwa masimulizi kabla ya kuyajibu kwa ripoti. Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya bahari. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, yenye miamba ya kumvunjia msafiri chombo. Methali zetu nazo zimejaa vyombo, manahodha na wafa maji. Lakini ukitafuta katika rafu zetu matini ya kidrama inayowaweka manusura wenyewe jukwaani, wakibishana nani awaongoze na kama kuna la kutumainia, utajikuta umerudi kwenye tafsiri moja ya zamani kidogo: Tufani.

Makala hii haihakiki ubora wa tafsiri ya Mushi wala uteuzi wake wa maneno. Inahakiki muundo wa tukio, yaani jinsi tamthilia inavyogawa uongozi na tumaini kati ya wahusika, na namna mgawanyo huo unavyopokewa na msomaji wa Kiswahili wa ukanda wa Maziwa Makuu. Nadharia ya upokezi, kama ilivyoendelezwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser, inatukumbusha kwamba maana ya matini hukamilishwa na msomaji mwenye matarajio yake na historia yake. Msomaji wa Mwanza, Goma au Rubavu anapolisoma onyesho la chombo kinachozama, analeta historia ambayo msomaji wa London hana.

2.0 Tufani ya 1969 na Wasomaji Wake

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa pekee kwa tamthilia hii. Dar es Salaam, Tanzania Publishing House ilichapisha Tufani, mwaka mmoja baada ya Mushi kutoa Makbeth. Mwaka huohuo Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi. Na mwaka huohuo mshairi wa Martinique, Aimé Césaire, alitoa Une tempête, tamthilia aliyoiandika upya kutokana na kisa hiki ili kumpa Caliban sauti ya mtu mweusi anayedai uhuru wake.

Usomaji wa Césaire ndio ulioshinda katika madarasa ya Afrika, na kwa haki. Ulitupa lugha ya kuzungumzia ukoloni kwa kutumia matini ya wakoloni wenyewe. Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama. Macho yote yalielekezwa kwenye uhusiano wa Prospero na Caliban, na wale waliopigwa na dhoruba wakabaki kama mapambo ya kisa. Tunasahau kwamba Prospero mwenyewe ni manusura: miaka 12 kabla ya tamthilia kuanza, yeye na binti yake mchanga walitiwa katika chombo kibovu wakaachwa baharini. Kisiwa kizima, isipokuwa Caliban na pepo, kimejaa watu waliotupwa na maji.

Mazingira ya Tanzania ya 1969 yanastahili kukumbukwa pia. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili. Kazi, juhudi na maarifa yalikuwa maneno ya kila siku, na wimbo wa taifa jipya ulikuwa ni Uhuru na Kazi. Msomaji aliyelelewa katika lugha hiyo hakuweza kuwasoma manusura wa Tufani bila kujiuliza: katika kundi hili, nani anafanya kazi?

3.0 Onyesho la Kwanza: Mawimbi Hayajui Cheo

Tamthilia inaanzia katikati ya dhoruba. Nahodha anaonekana kwa muda mfupi mno, anatoa agizo kwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, kisha anatoweka. Kuanzia hapo serahangi ndiye anayekishika chombo. Anawatia moyo mabaharia, anaagiza tanga lishushwe, anasikiliza upepo. Ndipo wanapotokea wakubwa: Alonso, mfalme wa Napoli, ndugu yake Sebastian, Antonio, mtawala wa Milano, na mzee Gonzalo. Wanamuuliza nahodha yuko wapi. Serahangi anawajibu kwamba wanaizuia kazi na kwamba wanaisaidia dhoruba. Gonzalo anapomkumbusha amebeba nani ndani ya chombo, anaambiwa kwamba kama mamlaka yake yanaweza kuyanyamazisha mawimbi, basi ayatumie. Kama hayawezi, arudi chumbani kwake.

Jibu hili hunukuliwa mara nyingi kama mzaha wa mtu wa tabaka la chini. Ninavyoona mimi, ndiyo nadharia nzima ya uongozi ya tamthilia hii, nayo imetolewa katika dakika za mwanzo. Serahangi hapingi ufalme. Anasema tu kwamba ufalme una mipaka yake, na mpaka huo ni maji. Ndani ya dhoruba, amri hupata nguvu kutokana na ujuzi wa mtoa amri, wala haipati nguvu kutokana na jina lake.

Methali yetu isemayo manahodha wengi chombo huenda mrama huchukuliwa kuwa hoja ya kutaka kiongozi mmoja. Onyesho hili linatusaidia kuisoma kwa makini zaidi. Chomboni mwa Alonso nahodha ni mmoja, na serahangi anajua kazi yake. Wanaozidi ni watu wanaodhani kwamba cheo cha nchi kavu kinawafanya kuwa manahodha. Mrama hauletwi na wingi wa viongozi peke yake. Huletwa pia na wenye mamlaka wasioweza kutofautisha mamlaka na ujuzi.

Nimelifundisha onyesho hili Kigali kwa miaka kadhaa. Nikiuliza nani kiongozi katika onyesho la kwanza, wanafunzi wengi hujibu kuwa ni mfalme, na baadhi hujibu kuwa ni Prospero, ingawa hajatokea bado. Wachache wanaomtaja serahangi, aghalabu, ni waliokulia karibu na Ziwa Kivu. Hao hawahitaji maelezo. Wanajua kwamba ziwa likichafuka, mtu anayestahili kusikilizwa ni yule aliyeshika kasia.

4.0 Manusura Ufukweni: Makundi Matatu

Ariel, kwa amri ya Prospero, anawatawanya manusura katika makundi. Kila kundi ni kama jaribio la namna moja ya uongozi na namna moja ya tumaini.

4.1 Gonzalo na Tumaini la Maneno

Kundi la kwanza ni la mfalme. Alonso anaamini kwamba mwanawe Ferdinand amekufa maji. Gonzalo anajitwika kazi ya kumliwaza. Anasema kwamba kunusurika kwao ni muujiza, kwamba misiba kama yao huwapata wengi, kwamba hata nguo zao zimebaki safi. Antonio na Sebastian wanamkejeli kwa kila neno.

Wahakiki wengi humsifu Gonzalo kwa wema, na wema anao. Lakini ni nani anayempa mfalme tumaini lenye msingi? Ni Francisco, mhusika mwenye maneno machache sana katika tamthilia nzima. Yeye anasema alichokiona: Ferdinand akiyakata mawimbi kwa mikono, kichwa kikiwa juu ya maji, akielekea ufukweni. Gonzalo anatoa faraja. Francisco anatoa ushahidi. Mfalme anavipuuza vyote viwili, na baadaye, akiwa amechoka kutafuta, anatangaza kwamba ameliweka tumaini kando.

Kisha Gonzalo anaota. Anaeleza dola ambalo angeliunda kama kisiwa kingekuwa chake: pasingekuwa na biashara, wala mikataba, wala tajiri na maskini, wala mfalme, na hakuna ambaye angefanya kazi, kwa kuwa ardhi ingetoa kila kitu yenyewe. Msomaji wa Ujamaa angeipenda nusu ya ndoto hii na kuikataa nusu nyingine. Usawa, ndiyo. Lakini usawa wa watu waliokaa kitako ukingoni mwa bahari, wakingoja ardhi iwalishe, ni kinyume cha yote ambayo Azimio lilihimiza. Hakuna hata mmoja katika kundi hili anayekusanya kuni, anayetafuta maji ya kunywa, au anayewasha moto wa kuonekana na meli inayopita.

Hata hivyo, haki imtendee Gonzalo. Miaka 12 nyuma, Prospero alipotupwa baharini, ni Gonzalo huyuhuyu aliyepakia chakula, maji, nguo na vitabu katika kile chombo kibovu. Prospero na Miranda waliishi kwa sababu hiyo. Hapa ndipo tamthilia inapotupa kipimo cha kumpimia mzee huyu. Tumaini lake la ufukweni ni hotuba, nalo halimwinui mtu. Tumaini lake la zamani lilikuwa mzigo uliofungwa vizuri, nalo liliokoa roho mbili.

4.2 Tamaa Mbili

Mfalme na Gonzalo wanapolala, Antonio anamshawishi Sebastian amuue Alonso atwae taji. Mantiki yake ni hii: Sebastian akikiri kwamba hana tumaini la Ferdinand kuwa hai, basi katika kukosa tumaini hilo amepata tumaini kubwa zaidi, la ufalme.

Katika Kiingereza huu ni mchezo wa neno moja lililotumiwa mara mbili. Katika Kiswahili jambo hili lina kina zaidi, kwa sababu lugha yetu imeufunga utata huo ndani ya neno tamaa. Tamaa ni tarajio: aliyeishiwa huambiwa asikate tamaa. Tamaa pia ni uchu: tamaa mbele, mauti nyuma. Neno ni lilelile. Antonio anamwalika Sebastian aikate tamaa ya kwanza ili aipate ya pili. Aache kumtarajia mtoto wa ndugu yake akiwa hai, aanze kukitarajia kiti chake.

Ninadai kwamba utata huu si ajali ya lugha. Umebeba hekima ya jamii inayojua kwamba tarajio na uchu vina mzizi mmoja: vyote viwili ni kuunyoshea mkono ujao. Kinachovitenganisha ni nani anayehesabiwa katika ujao huo. Tamaa ya Alonso inamhusu mwanawe. Tamaa ya Antonio inamhusu Antonio, na wengine ni vizuizi. Kiongozi wa manusura anapimwa hapa: je, katika matarajio yake, waliobaki wamo au hawamo?

4.3 Pipa la Mvinyo na Gogo la Kuni

Kundi la pili ni la Stephano na Trinculo, watumishi wa mfalme, pamoja na Caliban. Stephano alifika ufukweni akiwa juu ya pipa la mvinyo. Kwa kuwa ndiye mwenye pipa, anakuwa mfalme. Caliban anamdhania mungu. Trinculo anaahidiwa unaibu. Ni kichekesho, lakini ni kichekesho chenye meno. Huu ni uongozi unaotokana na kuhodhi kitu pekee kilichookolewa, kisha kukigawa kidogokidogo ili watu waendelee kulewa na kutii. Safari yao ya kumpindua Prospero inaishia kwenye nguo za fahari zilizotundikwa kambani. Caliban, mwenyeji wa kisiwa, ndiye pekee anayeona kwamba nguo hizo ni takataka, lakini viongozi wake wapya hawamsikilizi.

Kundi la tatu ni la mtu mmoja. Ferdinand, mwana wa mfalme, anaamini kwamba baba yake amekufa. Prospero anampa adhabu ya kubeba magogo ya kuni. Anayabeba. Penzi lake kwa Miranda linampunguzia uzito wa kazi, lakini kazi anaifanya hasa. Katika manusura wote wenye damu ya kifalme, ni huyu tu ambaye mikono yake inashika kitu, na ni huyu ambaye tamthilia inamkabidhi ujao wa falme zote mbili. Si bahati.

5.0 Wanaolala Chini ya Sitaha

Lipo kundi jingine ambalo uhakiki hulisahau, kwa sababu tamthilia yenyewe inatusahaulisha. Ni mabaharia. Ariel amewalaza usingizi ndani ya chombo, na humo wanabaki hadi sehemu ya tano. Ndipo serahangi anapoletwa, akiwa bado na mshangao, na kutoa taarifa: chombo ambacho saa chache nyuma walikitangaza kuwa kimepasuka kiko imara, kimefungwa vizuri kama siku kilipoingia majini mara ya kwanza.

Tukitafakari, huu ni uamuzi wa ajabu wa kidrama. Mtu pekee aliyethibitisha uwezo wa kuongoza katika hatari analazwa kwa muda wote ambao swali la uongozi linajadiliwa. Wanaojadili ni wale alioamuru warudi vyumbani. Na tukiitazama orodha ya wahusika, tunaona jambo jingine: nahodha, serahangi na mabaharia hawana majina. Adrian, ambaye hafanyi lolote la maana, ana jina. Mtu aliyeshika chombo ana cheo cha kazi tu.

Uzito wa uamuzi huu unaonekana zaidi tukikumbuka kisa cha kweli ambacho wataalamu wengi wanakihusisha na chimbuko la tamthilia. Mwezi Julai 1609, meli ya Kiingereza iitwayo Sea Venture, ikielekea koloni la Virginia, ilipigwa na dhoruba ikakwama kwenye miamba ya Bermuda. Watu wapatao 150 walifika ufukweni wakiwa hai. Viongozi wao walifarakana. Kulitokea maasi, na mtu mmoja aliuawa kwa hukumu. Lakini katika kipindi cha miezi kama 10 manusura hao walijenga vyombo viwili kwa mierezi ya kisiwani na mabaki ya meli yao. Kimoja walikiita Deliverance, yaani Ukombozi. Kingine Patience, yaani Subira. Mwezi Mei 1610 wakatweka, wakafika Virginia.

Kiswahili kina msemo: subira yavuta heri. Manusura wa Bermuda waliuchukua msemo wa namna hiyo wakaupigilia misumari. Subira yao ilikuwa na mbao, lami na matanga. Shakespeare, aliyeandika yapata mwaka 1611, aliichukua dhoruba, akauchukua mfarakano wa viongozi, kisha akawaacha nje mafundi. Mahali pa seremala akaweka uchawi. Chombo cha Tufani hakikarabatiwi na mtu, kinakutwa kizima. Hapo ndipo ninapoona dosari kubwa ya kimaadili ya tamthilia hii nzuri: inatupa wokovu usio na jasho, na kwa hiyo inaweza kuurudisha uongozi kwa wenye vyeo bila kuwadai chochote.

Mtu anaweza kupinga kwamba hoja hii inaidai tamthilia kitu isichokusudia. Dhoruba imetengenezwa na Prospero. Hakuna aliyekuwa hatarini. Lengo ni toba na msamaha. Pingamizi hili lina ukweli, lakini halitoshi. Manusura wenyewe hawajui kwamba wako salama. Tumaini la mtu hupimwa kwa anachokijua yeye, wala halipimwi kwa kinachojulikana na aliye juu ya kilima. Na kwa wanachokijua, walipaswa kuinuka na kufanya kazi.

6.0 Kutoka Jukwaani hadi Ziwani

Msomaji wa ukanda wetu hawezi kuishia jukwaani. Tuirudie MV Bukoba. Orodha ya abiria iliwahusu wa madaraja ya juu. Wa daraja la tatu hawakuorodheshwa. Ndiyo maana idadi ya waliokufa hutajwa kwa tofauti hadi leo. Kama katika Tufani, wenye nafasi walikuwa na majina, na wa chini ya sitaha walikuwa umati.

Kisha likaja tukio ambalo limekaa katika kumbukumbu ya watu wa Mwanza na Kagera kuliko jingine lolote. Meli ilikuwa imepinduka, sehemu yake ya chini ikielea juu ya maji, na ndani mlikuwa na watu hai. Waokoaji walilitoboa bamba la chuma ili kuwatoa. Hewa iliyokuwa imebaki ndani ikatoka, na meli ikazama. Waliofanya hivyo walitaka kuokoa. Hawakukosa huruma, walichokosa ni ujuzi wa namna hewa inavyokishikilia chombo kilichopinduka. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uchungu zaidi kwamba tumaini lisilo na maarifa linaweza kuua.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilipinduka karibu na gati la Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo wa kivuko akiwa hai, kutoka ndani ya chombo kilichopinduka. Hewa, ambayo mwaka 1996 ilipotezwa, safari hii ilimtunza mtu mmoja hadi wenye ujuzi wa kuzama walipomfikia. Tusilifanye hili kuwa hadithi ya ushindi, kwa maana makaburi ya Ukara hayaruhusu. Lakini linatuonyesha tumaini la manusura lilivyo hasa: ni kitu kidogo, chenye kipimo, kinachohitaji mtu anayejua kukitunza.

Huko Nungwi mwaka 2011, zaidi ya watu 600 waliokolewa kutoka MV Spice Islander I. Baadhi walishikilia magodoro na bidhaa nyingine zilizoelea hadi walipofikiwa. Mfa maji haachi kutapatapa, husema wahenga, na methali hii mara nyingi hutumiwa kwa dharau, kumkejeli anayehangaika bure. Kwa mtu aliyeshika godoro usiku katika mkondo wa Nungwi, kutapatapa kulikuwa ndiko kuishi. Vivyo hivyo methali nyingine, chombo cha kuzama hakina usukani, inatuliza waliofiwa, lakini ikitumiwa na wenye dhamana inageuka kuwa kinga ya uzembe. Vyombo hivi vilikuwa na usukani. Vilizidiwa na tamaa, ile ya pili, ya kupakia kupita kiasi.

7.0 Neno Manusura Linaposemwa Kigali

Nimelitumia neno manusura tangu mwanzo wa makala hii. Linapotamkwa Kigali halina wepesi. Wanafunzi wangu wakilisikia, jambo la kwanza linalowajia ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kinyarwanda kina msemo wake kwa watu hao, abacitse ku icumu, yaani walioponyoka mkuki. Na maji yanatuunganisha na ziwa tulilolizungumzia: Akagera humwaga katika Ziwa Viktoria, na mwaka 1994 wavuvi wa upande wa Uganda waliwazika watu wetu walioletwa na mto huo.

Silinganishi ajali na mauaji. Ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ni kosa. Ninachosema ni kwamba msomaji wa hapa anakuja kwenye Tufani akiwa na swali gumu kuliko la kisiwa cha Prospero: baada ya walio wengi kuondoka, aliyebaki hutumaini kitu gani? Nikiwaomba wanafunzi watafsiri tumaini kwa Kinyarwanda, wengi huandika icyizere, na wengine ibyiringiro. La kwanza linatokana na kuamini, la pili na kumtegemea mtu. Katika lugha hii huwezi kutumaini hewani. Tumaini lina yule unayemwamini ndani yake. Hapa uongozi na tumaini vinakuwa jambo moja. Kiongozi wa manusura ni yule ambaye wanaweza kumwekea icyizere, na hawawezi kumwekea mtu ambaye hajashika kasia.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeisoma Tufani kutoka ufukweni. Imeonyesha kwamba tamthilia inalijibu swali la uongozi mapema, kupitia serahangi, kisha inaliacha jibu hilo lilale hadi mwisho. Imeonyesha kwamba matumaini yanayotolewa kwa maneno matupu, kwa pipa au kwa uchu wa kiti hayamwokoi mtu. Yanayookoa ni ushahidi wa Francisco, shehena ya zamani ya Gonzalo na magogo ya Ferdinand. Imeonyesha pia kwamba neno tamaa linampa mhakiki wa Kiswahili zana ambayo mhakiki wa Kiingereza hana.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, Tufani irudishwe katika madarasa ya ukanda huu na isomwe pamoja na kumbukumbu za maziwa yetu, si pamoja na historia ya ukoloni peke yake. Pili, masimulizi ya manusura, wavuvi na mabaharia wa Viktoria, Kivu na Unguja yakusanywe kwa Kiswahili wakati wenye nayo wangali hai. Waliokuwa majini mwaka 1996 wakiwa vijana sasa ni wazee. Tume zilikwisha kuandika ripoti zao, na viongozi walikwisha kuhutubia. Serahangi bado hajaulizwa.